Si Kila Kitu ni "Witchcraft", na Shosho Yako si "Witch"

Wakenya wenzangu, leo sina utani mwingi. Kuna neno moja la Kiingereza nimechoka kuliona juu ya video zetu: "witchcraft". Mganga ameshikwa na vibuyu, "witchcraft". Mzee wa kaya anaombea mvua msituni, "witchcraft". Nyuki wamemvamia mwizi wa gari, "witchcraft". Kipa ameweka taulo golini na mpira umegonga mwamba mara tatu, "witchcraft". Halafu mama wa miaka themanini anapatikana nje ya boma la jirani alfajiri, amejifunga leso moja, hajui alipo wala jina la mjukuu wake, na hapo ndipo mtu anaandika kwa herufi kubwa kabisa: "WITCH CAUGHT".

Hayo ni mambo matano tofauti. La kwanza ni mtu na kazi yake. La pili ni ibada. La tatu ni biashara ya waganga na nyuki, sijui wanafanyaje, lakini najua ni biashara. La nne ni mpira. La tano, mara nyingi sana, ni ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee. Lakini sisi tumeyamwaga yote kwenye gunia moja, tukalifunga na neno la Kizungu, halafu tunashangaa kijiji kikija na kiberiti.

Msimamo wangu ni huu, niuseme mapema ndio usije ukanisoma hadi chini ukitafuta: Kiingereza chenyewe kina maneno mengi ya mambo haya, na kila neno lina maana yake. Lugha zetu nazo zina maneno mengi, na kila neno lina maana yake. Sisi tumechukua neno moja pekee, lile baya kuliko yote, tukaliweka kwa kila mtu. Anayelipa gharama si mimi na wewe wenye simu. Ni mzee kijijini.

Na kabla hujaniuliza haya nimeyasoma wapi: niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Lakini kamusi haiulizi karo. Sheria za Kenya ziko mtandaoni, kusoma ni bure. Twende.

Tuanze na Kiingereza chenyewe

"Witch" ni neno la zamani sana la Kiingereza. Zamani lilikuwa na umbo la kiume, "wicca", na la kike, "wicce". Maana yake, mwanamume au mwanamke, wote wangeweza kuwa. Kwa hivyo ule mgawanyo mliofundishwa na filamu, kwamba mwanamke ni "witch" na mwanamume ni "wizard", si wa tangu mwanzo. Kule Salem, Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa kosa la kuwa "witch", na watano kati yao walikuwa wanaume. Mmoja wao alikuwa mhubiri. Iceland nako, karibu wote waliochomwa walikuwa wanaume. Lakini katika sehemu kubwa ya Ulaya waliouawa wengi walikuwa wanawake, na neno likaelekea huko. Leo ukisema "witch" Mzungu anaona mwanamke mzee, pua ndefu, peke yake, maskini.

"Wizard" je? Hilo limetoka kwa neno "wise", yaani mwenye hekima. Mwanzoni "wizard" alikuwa mjuzi, mtu anayejua mambo. Ndiyo maana mpaka leo Mzungu akimsifu mtu hodari wa kompyuta anamwita "wizard". Hakuna siku atamwita "witch" kwa kumsifu. Ona basi: mwanamume akiwa na elimu ya siri ni mjuzi, mwanamke akiwa nayo ni hatari. Haya yote yako ndani ya lugha, na sisi tumeyameza pamoja na lugha.

"Warlock" ni tofauti tena. Kiasili ni mvunja kiapo, msaliti. Waskoti ndio walilitumia sana kwa mchawi wa kiume. Mwanzoni halikuwa na hirizi wala tunguri, lilikuwa na usaliti.

"Sorcerer" ndiyo inanifurahisha zaidi. Imepitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini "sors", maana yake kura. Kwa asili "sorcerer" ni mtu anayepiga kura kuangalia mambo yajayo. Sisi huku tunamwita nani? Mpiga ramli! Mpiga bao! Yule wa kutandika mchanga au kutupa kete na kukwambia ng'ombe wako ameenda upande gani. Si mchawi. Ni mtu wa kuangalia. Baadaye Wazungu wakaligeuza neno likawa la mtu anayeita mapepo na kudhuru watu, lakini asili yake ni ramli tu.

Na "magic"? Hapa Wakristo wenzangu tulieni kidogo. Neno hilo limetoka kwa Wagiriki, nao walilichukua kwa Waajemi, kwa jina la makuhani wao waliojulikana kwa kusoma nyota. Kiswahili nacho kina jina la watu hao, tumelipata kupitia Kiarabu. Unalijua. Unaliimba kila Krismasi. Mamajusi! Wale waliomletea mtoto Yesu dhahabu, uvumba na manemane. "Magic" na "mamajusi" ni neno moja lililopita njia mbili. Waingereza walipofika kwenye mstari huo wa Mathayo wakaona haya kuwaita hivyo, wakaandika wenye hekima, "wise men". Kwa hivyo mtu yule yule, akiwa kwenye Biblia ni mwenye hekima, na akiwa Ganze ni "witchdoctor". Sawa tu.

Nimalizie na "enchantment" na "charm". Yote mawili yametoka kwa maneno ya Kilatini ya kuimba na wimbo. Kwa asili ni maneno ya kuimbiwa mtu. Leo "charm" ni hirizi, na pia ni tabasamu zuri.

Umeona? Mjuzi, msaliti, mpiga ramli, kuhani wa nyota, mwimbaji. Kiingereza kilikuwa na vyumba vingi. Sisi tumeonyeshwa kimoja, na ni kile cha mateso.

Nani alituonyesha hicho kimoja?

Serikali. Nenda usome Sheria ya Uchawi, Sura ya 67 ya Sheria za Kenya. Ilitungwa mwaka 1925 na wakoloni, na kabla yake kulikuwa na nyingine ya mwaka 1909. Hiyo ya 1925 bado iko. Miaka 100 na zaidi! Inamkataza mtu kujitangaza kuwa "witchdoctor" mwenye uwezo wa kumtia mtu hofu au kumdhuru, na inamkataza mtu kujifanya ana nguvu za "witchcraft, sorcery or enchantment". Maneno matatu mfululizo. Sasa tafuta mahali sheria hiyo inaeleza tofauti ya hayo matatu. Tafuta tu. Hata neno "witchcraft" lenyewe haijalipa maana. Mtu anaweza kufungwa kwa neno ambalo waliolitunga hawakusumbuka kulifafanua.

Na uangalie neno "kujifanya". Hilo lina historia yake. Uingereza wa zamani, kwa sheria za 1563 na 1604, walimnyonga mtu kwa sababu waliamini amefanya uchawi kweli. Mwaka 1735 bunge lao likageuka: kuanzia hapo kosa si kuwa mchawi, kosa ni kujifanya unaweza. Yaani walisema uchawi haupo, kilichopo ni utapeli. Sheria hiyo walikaa nayo mpaka 1951, na mwaka 1944, katikati ya vita, mwanamke mmoja Mskoti, Helen Duncan, alifungwa London kwa sheria hiyo kwa kudai anaongea na wafu. Kwa hivyo mkoloni alipotuletea sheria ya 1925, alituletea mawazo yake mawili yanayopigana: hofu ya 1604 iko kwenye maneno, dharau ya 1735 iko kwenye kosa. Sisi tukachukua maneno, tukaacha maana. Ndiyo maana leo OCS anashika "witchdoctor" kwa kosa la kujifanya, na umati nje ya kituo unataka auawe kwa kosa la kuweza.

Na hilo neno "witchdoctor" limepinduliwa kama shati. Uingereza, karne ya 18, mtu wa jina hilo alikuwa anayetibu waliorogwa. Daktari dhidi ya mchawi. Walipofika Afrika wakalisoma kinyume, daktari ambaye ni mchawi. Neno moja limemfanya zimamoto na mchomaji kuwa mtu mmoja.

Sasa uliza nyumbani kwenu

Mimi nimeuliza watu wa makabila tofauti swali moja tu: kwenu, anayeroga anaitwaje, na anayetibu anaitwaje? Hakuna hata mmoja aliyenipa neno moja kwa wote wawili. Mkamba ana muoi na ana mundu mue. Mkikuyu ana murogi na ana mundu mugo. Mkisii ana omorogi na ana omoragori, yule wa kuangalia. Mjaluo ana jajuok na ana ajuoga. Mgiriama ana mutsai na ana muganga. Na Kiswahili chetu, usinianze! Kuna mchawi. Kuna mlozi. Kuna mwanga, yule wa kuzunguka uchi usiku. Kuna mganga. Kuna mpiga ramli. Kuna sihiri, kuna apizo, kuna laana ya mzazi. Kuna mazingaombwe na kiinimacho, ambavyo ni michezo ya macho ya kulipiwa kiingilio, watoto wakapiga makofi, kila mtu akaenda nyumbani. Mzungu akitafsiri mazingaombwe anasema "magic". Akitafsiri sihiri pia anasema "magic". Huyo mwenye mazingaombwe akienda kutumbuiza kijiji ambacho hawamjui, aombe Mungu wajue Kiswahili.

Kuna Mwingereza mmoja aliyejaribu kuirekebisha lugha yake. Evans-Pritchard, mtaalamu wa mila, aliishi na Wazande, ambao leo wako Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 1937 akatoa kitabu kikubwa. Alisema Wazande wanatofautisha vitu viwili, na akavitafutia maneno mawili. Cha kwanza akakiita "witchcraft": kitu mtu anazaliwa nacho tumboni, amerithi, na anaweza kuwa nacho bila kujua mwenyewe. Cha pili akakiita "sorcery": mtu anachukua dawa na maneno kwa makusudi, anaamua kudhuru. Cha kwanza ni hali. Cha pili ni tendo.

Tofauti hiyo haifai kila mahali, wasomi wenyewe walishabishana. Lakini fikiria uzito wake. Tendo lina ushahidi: nani, lini, kwa nini, dawa gani. Hali haina. Ukiniambia nilizaliwa nacho na mimi mwenyewe sijui, nitajitetea na nini?

Na hapa ndipo Wazande wanatuaibisha. Mtu akishukiwa ameletewa ubawa wa kuku, alikuwa anachukua maji mdomoni, anaupulizia, anasema kama ni mimi basi sikujua, na nipoe. Mara nyingi mambo yanaishia hapo. Maji ya mdomoni! Watu wakarudi kulima. Sisi tuna simu, tuna mahakama, tuna katiba ya 2010, na tunatumia petroli.

Neno likikosewa, watu huondolewa duniani au kwao

Mwezi Mei 2008, Kisii, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa kwa kushukiwa uchawi. Oktoba 2021, kaunti hiyo hiyo, eneo la Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma hizo hizo. Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa miaka, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze, mahali pa kuwahifadhi waliotishwa na watu wao wenyewe. Watu wao wenyewe, nimesema. Wanaoshughulikia kesi hizi Kilifi wanarudia jambo moja kila wakati: nyuma ya tuhuma nyingi kuna shamba. Mzee ana ekari, vijana wana haraka. Mvi zikaitwa ushahidi.

Hata upande wa mkoloni, neno lilimaliza watu kwa njia nyingine. Wakipsigis na Wanandi walikuwa na viongozi wa ukoo wa Talai, orkoiyot mmoja, orkoiik wengi. Huyo alikuwa mwenye kuona mambo, mwenye kubariki vita na mavuno, mtu ambaye watu walimsikiliza. Si mchawi, si mganga wa mtaani. Waingereza wakamwita "witchdoctor", wakamwita pia "laibon", jina la Wamaasai, hata kabila hawakujali. Mwaka 1905 walimpiga risasi Koitalel arap Samoei aliyekwenda kwa mazungumzo ya amani. Mwaka 1934 wakatunga sheria ya kuwahamisha ukoo mzima wa Talai wa Kericho, wazee, akina mama na watoto, wakawatupa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Kericho pakabaki na majani chai. Ukimwita mtu kiongozi, kumfukuza ni vita. Ukimwita "witchdoctor", kumfukuza ni usafi. Neno lilifanya kazi yake.

Na sisemi maneno yetu ni malaika. Mwaka 1931, Ukambani, mwanamke anayeitwa Mwaiki alipigwa hadi kufa na wanaume waliosema amemroga mke wa Kumwaka. Hakukuwa na TikTok, na neno lilikuwa la Kikamba. Wanaume 70 walishtakiwa, 60 wakahukumiwa kifo, kisha hukumu ikapunguzwa. Muoi ni neno ambalo pia linaua. Mchawi pia linaua. Lakini neno la kwetu lilikuwa na mipaka: liliacha nje mganga, liliacha nje mwombezi wa mvua, liliacha nje mzee aliyesahau njia. Hili la Kizungu halina mipaka. Linameza wote. Ukiongeza idadi ya watu wanaoweza kuitwa jina la kuuawa, umeongeza idadi ya watakaouawa. Hesabu hiyo haihitaji digrii.

Majibu kwa watakaokasirika

Wa kwanza atasema: kwani wewe huamini uchawi upo? Buda, swali langu si kama upo. Tuseme upo. Basi ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutofautisha! Ukiamini kuna nyoka wenye sumu, hutaita kila kamba nyoka. Anayeamini kwa dhati ndiye angekuwa wa kwanza kuuliza: huyu ni mchawi, au ni mzee mgonjwa?

Wa pili atasema: Biblia imesema. Najua mstari unaoutaka, Kutoka 22:18. Tafsiri ya Kiingereza ya 1611 iliweka "witch". Ya Kiswahili ikasema mwanamke mchawi. Lakini Wayahudi waliotafsiri sheria hiyo kwa Kigiriki kabla ya Kristo waliweka neno la watu wa dawa na sumu, neno ambalo ndilo limetupa famasi. Sijasema mwenye famasi pale stejini auawe. Nasema hata watafsiri wa Maandiko walisitasita wachague neno gani. Na ukisoma Kumbukumbu la Torati 18, orodha imetaja watu mmoja mmoja, mpiga ramli mbali, mlogaji mbali, anayetaka habari kwa wafu mbali. Maandiko yametenganisha. Wewe kwa nini umechanganya?

Wa tatu atasema natetea waganga matapeli. Hapana! Wale wa mabango kwenye nguzo za stima, wa kurudisha mpenzi kwa dakika 30 na kuongeza vitu nisivyoweza kutaja hapa, siwatetei. Lakini jina lao ni matapeli. Kupata pesa kwa uongo ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313. Mshtaki, leta risiti za M-Pesa, mfunge. Anayeweka sumu kwenye chakula ni muuaji, mshtaki kwa mauaji. Anayenyanyasa mgonjwa kwa jina la tiba, mshtaki kwa hilo. Kila kitu chenye jina lake kinaweza kupelekwa mahakamani. "Witchcraft" haiwezi kuthibitishwa, na kile kisichoweza kuthibitishwa mahakamani huishia mikononi mwa umati.

Wa nne ni nyinyi wenzangu wa maudhui. Nyinyi ndio nina neno nanyi. Kuna ukurasa mmoja mkubwa, siutaji, ulikuwa unanipa vijikazi vya kuandika vichwa vya video. Siku moja wakaniletea klipu ya bibi kizee amezungukwa na vijana, analia, mmoja amemvuta kitambaa cha kichwa. Wakataka niandike "witch" na emoji za moto. Moto! Nikakataa, nikaandika "mzee aliyepotea, mnaomjua pigeni simu". Kazi ikaishia hapo, na pesa za mwezi huo sijawahi kuziona. Video ikaenda na kichwa chao. Sijui kilichompata yule mama. Hata wao hawajui, kwa sababu hakuna aliyerudi kuuliza. Walihesabu watazamaji, wakalala.

Halafu nikuambie kitu ambacho wengi hawajui: sheria ile ile ya 1925, pamoja na ubovu wake, inasema kumshutumu mtu hadharani kuwa ni mchawi ni kosa. Unaweza kufungwa. Ukiwa na shaka unapaswa kuipeleka kwa polisi au chifu, si kwa umati. Sasa kile kichwa chako cha video ni nini kama si shutuma, mbele ya watu laki mbili?

Tufanye nini

Moja. Ukiona tukio, taja ulichokiona. "Mganga amekamatwa." "Mzee amepotea." "Wazee wa kaya wanafanya tambiko." "Kipa ana taulo." Kiswahili kina maneno, yatumie. Kama hujui neno, eleza kitendo.

Mbili. Wahariri wa magazeti na runinga, acheni "witchdoctor". Neno mganga linajulikana kuanzia Lamu hadi Busia. Mkiandika Kiingereza, liacheni vile vile, mganga. "Matatu" mliliacha, "ugali" mliliacha, mganga amewakosea nini?

Tatu. Wabunge, hiyo Sura ya 67 ifanyieni kazi. Ama mueleze maana ya maneno yake, ama muifute na mtunge sheria ya kulinda wazee wanaoshutumiwa. Sheria ya mkoloni isiyojua tofauti ya muoi na mundu mue haiwezi kumlinda Mkamba.

Nne, na hili ni lako. Wiki hii kaa na mzee wa kwenu umuulize hayo maneno mawili: anayeroga anaitwaje, anayetibu anaitwaje. Kisha muulize la tatu: mzee anayesahau mambo anaitwaje. Kwenu lazima kuna jina lake, na nina uhakika si mchawi. Njoo uniandikie hapa chini, kabila lako na hayo maneno matatu. Nitayakusanya yote kwenye posti moja, na siku mtu akirusha klipu ya bibi kizee na kuandika "witch", tutamjaza majina ya kweli mpaka afute.